Msanii Akishaondoka, Sisi Tunabaki Studio

Watu wa muziki ninaowafahamu mimi, hakuna mwenye kazi moja. Prodyuza ninayemheshimu kuliko wote hapa Mwananyamala anatengeneza biti usiku, mchana anafunga spika za harusi, na Jumapili anapiga kinanda kanisani, ambako ndiko pekee anakolipwa kwa wakati. Dada mmoja anayesimamia wasanii wawili wa Arusha ana duka la vipodozi. Vikao vya mkataba anafanyia kaunta, mteja akiingia mnanyamaza kwanza. Mimi nilianzia kibanda cha kuchoma CD, nikawa msaidizi wa studio, nikabeba nyaya jukwaani Zanzibar, na sasa kazi yangu ni karatasi: nasajili nyimbo, nafuatilia mirabaha, yaani hela inayotakiwa kulipwa wimbo ukitumika, nabishana na wasambazaji wa mtandaoni, wale wanaopeleka nyimbo kwenye makampuni ya kusikiliza muziki, kwa barua pepe. Nikisema niko kwenye muziki, watu huniuliza naimba nini.

Vijana wanaonifuata inboksi wakitaka "kuingia kwenye gemu" karibu wote wanaona milango miwili tu, kuimba au kutengeneza biti. Mbele ya milango hiyo foleni imefika barabarani. Huku kwingine, hasa kwenye kazi ambazo huwezi kuzipostia picha, viti viko wazi na hakuna anayevitaka.

Kuna wakati mwanamuziki wa nchi hii alikuwa na mshahara, na si hadithi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, na baadaye OTTU, bendi nayo ikabadili jina kila mara, mpaka leo tunaiita Msondo Ngoma. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS, ikahamia DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, mwaka 1983. Shirika la Bima lilikuwa na bendi, vijana wa chama tawala walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa nazo kadhaa. Mpiga tumba aliajiriwa kama anavyoajiriwa karani. Wazee wa dansi wakikusimulia zama hizo hawazisifii tu, maana vyombo vilikuwa mali ya mwajiri na ukihama bendi ulitoka mikono mitupu. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwepo, na kila mtu alijua nani ni fundi mitambo, nani ni mpiga besi, nani ni katibu wa bendi.

Mashirika yalipoanza kuishiwa, mpangilio ule ukasambaratika. Radio One ikaanza kurusha matangazo mwaka 1994, redio nyingine binafsi zikafuata, na studio zikaota: Bonny Luv pale Mawingu, Master Jay na MJ, P-Funk Majani na Bongo Records. Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya prodyuza kama tunavyoijua. Mtu mmoja alikuwa fundi mitambo, mpangaji wa muziki, mwalimu wa sauti, mkopeshaji na mara nyingine mlezi. Jina lake lilitajwa ndani ya wimbo, mwanzoni kabisa, kabla hata ya jina la msanii. Aliyepiga gitaa kwenye wimbo huohuo, mpaka leo ukiuliza utaambiwa "kulikuwa na jamaa fulani".

Biashara yenyewe ilikuwa Kariakoo. Ulipeleka masta, yaani rekodi mama, kwa msambazaji wa kaseti, mkakubaliana bei, ukapokea hela yako ukaondoka. Nakala ngapi zimetoka baada ya hapo alijua yeye na Mungu wake. Serikali ilianza kubandika stempu za kodi kwenye CD za muziki na filamu mwaka 2013, wakati watu wameshaanza kuhamia kwenye memori kadi. Kibandani kwetu stempu hizo tulizisoma magazetini.

Nakumbuka zaidi watu waliokuwa wakipita pale. Madereva wa daladala walitaka mchanganyiko wa safari nzima, Mbagala mpaka Mwenge bila wimbo wa kupooza. Wenye saluni walitaka taarabu. Kazi ya yule kaka aliyekuwa akinipangia nyimbo ilikuwa kujua nani anataka nini kabla hajafungua mdomo. Leo kuna watu wanalipwa mishahara mizuri kwenye makampuni ya kusikiliza muziki mtandaoni kwa kufanya jambo lilelile, na wanalifanya vibaya kuliko yeye.

Sasa twende Mburahati. Mwaka 2017 lebo ndogo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes (Mswahili akilisikia jina hilo anacheka, lakini Waganda wana maana yao), ilitoa mkusanyiko wa singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, kutoka studio ya Sisso ya hapo Mburahati, ukaitwa Sounds of Sisso. Mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika, MC anatema maneno kama konda anayeita abiria wa mwisho. Kwa miaka mingi huo ulikuwa muziki wa vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, vya Tandale, Manzese na Mbagala, na watu wengi wenye nafasi zao waliuona ni uhuni tu. Baada ya mkusanyiko ule, vijana kama Bamba Pana, Makaveli, Jay Mitta, na Duke wa studio ya Pamoja wakaanza kuitwa kwenye majukwaa ya Ulaya. Watu waliandika sana juu ya kasi ya muziki. Sikuona aliyeandika juu ya fomu.

Kijana wa singeli akipata mwaliko wa tamasha Ulaya, anayeanza kazi siku hiyohiyo si yeye. Ni mtu mwenye kompyuta na uvumilivu. Ubalozi unataka barua ya mwajiri, na kijana hana mwajiri. Unataka taarifa ya benki, na kijana hela zake zote zinapita kwenye simu, zikiingia Jumamosi usiku na kuisha Jumatatu. Nimekaa na mmoja wao mezani tukichapisha miamala yake ya simu kurasa kwa kurasa, tukiweka alama kwa kalamu kila palipo na malipo ya shoo, huku yeye akinieleza: hii ilikuwa kigodoro cha Mabibo, hii ni bi harusi wa Temeke alibakiza nusu mpaka leo. Tukaambatisha kibali cha BASATA (baraza la sanaa la taifa), mkataba wa tamasha, barua ya mwaliko, bima ya safari. Kisha kuna kodi inayokatwa kulekule Ulaya kabla malipo hayajatoka, kuna orodha ya vifaa vya jukwaani, kuna hoteli, kuna mtu wa kumpokea uwanja wa ndege saa nane usiku. Yote hiyo ni kazi ya mtu, na ina bei. Ninaowafahamu wanaoifanya vizuri Dar es Salaam hawafiki kujaza bajaji mbili.

Meneja ndiye anayetakiwa kuwa mtu huyo, lakini mameneja wetu wengi wamepatikana kwa njia nyingine: ni kaka wa msanii, au rafiki mwenye gari, au mtu aliyelipia video ya kwanza. Sina ugomvi nao, maana hela ya video ya kwanza haipatikani benki. Ila meneja anayechukua asilimia 15 au 20 na hajawahi kusoma taarifa ya msambazaji mstari kwa mstari, huyo kwangu ni chawa mwenye cheo.

Upande wa jukwaa mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu jukwaani uongo unasikika. Tamasha la Sauti za Busara limekuwepo Zanzibar tangu mwaka 2004, kwa kawaida kila Februari, kwa miaka mingi ndani ya Ngome Kongwe, na sharti lake kubwa ni kwamba unapiga laivu. Hakuna kuweka wimbo ukakimbiza midomo. Sharti hilo limesomesha mafundi mitambo wengi wa pwani hii kuliko darasa lolote ninalolijua, ingawa chuo cha muziki cha DCMA pale Mji Mkongwe nacho kimetoa wapigaji wengi sana.

Nilikuwa mbeba nyaya tu nilipomwona fundi mmoja akifanya kazi na kikundi cha taarabu, mchana wa jua kali, ukaguzi wa sauti umechelewa. Kanuni ni chombo kipole. Nyuzi zaidi ya sabini, sauti nyembamba, na imekaa hatua chache kutoka ngoma na besi ya umeme. Ukiipandisha kwenye spika ya jukwaani inaanza kupiga mluzi. Ukiishusha mzee anayeipiga hajisikii na anapoteza njia. Fundi wa kwanza alikuwa ameshakata tamaa, anasema iachwe tu, watu watasikia fidla. Huyu wa pili akapanda jukwaani, akachuchumaa.

"Shikamoo mzee. Hebu nipigie zile za juu peke yake."

"Marahaba. Hizi?"

"Hizohizo. Sasa shuka taratibu, usiruke hata moja."

Akasikiliza, akamwonyesha mwenzake kwa vidole ni masafa gani akate, akasogeza maiki upande wa daraja la chombo, akaigeuza spika ya mzee ikamtazama sikioni badala ya kuitazama kanuni, kisha akawaomba wapiga ngoma wasogee nyuma kidogo, kwa adabu, kwa sababu mpiga ngoma wa taarabu humwamrishi. Usiku ule kanuni ilisikika mpaka kwenye viti vya nyuma. Fundi yule alikuwa amejifunzia nini? Alikuwa mpiga fidla mwenyewe, akaumwa bega, akahamia kwenye meza ya mitambo. Wengi wa hawa watu ndivyo walivyofika walipo, kwa kuhama kutoka chombo kimoja kwenda kingine huku masikio yakibaki yaleyale.

Kazi hii ina udhaifu wake. Mwaka 2016 Sauti za Busara halikufanyika, wafadhili walipungua na hela haikutosha. Msanii mwenye jina anaahirisha tu safari. Fundi, mbeba vyombo, mpishi wa nyuma ya jukwaa, dada wa tiketi, dereva wa gari la jenereta, hao mwezi wao wa Februari uliondoka mzima. Wengine niliowajua walihamia kwenye mikutano ya hotelini na kampeni za siasa, na si wote waliorudi. Mkutano wa hoteli unalipa vizuri na hauna kanuni.

Narudi kwenye karatasi, kwa sababu ndiko ninakolia na ndiko ninakolia chakula changu.

Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti zake, na kuna rekodi, yaani ile sauti iliyowekwa studio siku fulani na watu fulani. Zinaweza kuwa na wenyewe tofauti na hulipwa kwa njia tofauti. Msanii anayepakia wimbo kupitia msambazaji wa mtandaoni anapata hela ya rekodi. Hela ya utunzi inapita njia nyingine kabisa, na isipopata jina la kulifuata inakaa. Nchini Marekani kulianzishwa taasisi iitwayo MLC kushughulikia upande huo wa utunzi, ikaanza kazi rasmi Januari 2021, na mwezi uliofuata makampuni ya kusikiliza muziki yakaikabidhi dola milioni 424 ambazo zilikuwa zimekosa wenyewe. Siyo kwamba hazikuwa na wenyewe. Wenyewe hawakuandikwa, au waliandikwa vibaya, au waliandikwa kwa majina matatu tofauti kwenye nyimbo tatu. Mtunzi wa Tandika ambaye wimbo wake unasikilizwa na binamu zake walioko Minnesota anahusika na hesabu hizo kama mtunzi yeyote wa kule.

Kuna nyingine, SoundExchange, ya redio za kidijitali za Marekani. Yenyewe inagawa asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii mkuu, na 5 kwa wanamuziki wengine waliopiga na kuitikia. Tano hiyo ndiyo ya "jamaa fulani". Ili aipate lazima awe na jina.

Nikifungua orodha za nyimbo ninazoletewa, kitu cha kwanza ninachotazama ni ile namba ya utambulisho ya rekodi yenye jumla ya herufi na tarakimu 12. Nyingi ya nyimbo zetu namba yao inaanza na QZ, herufi za Marekani, kwa sababu imetolewa na msambazaji wa kule wakati wa kupakia. Haina madhara yenyewe. Tatizo ni msanii akihama msambazaji, akapakia upya na kupewa namba mpya. Hesabu ya wasikilizaji inagawanyika, wimbo mmoja unakuwa miwili. Na Spotify tangu mwaka 2024 hailipi kabisa rekodi ambayo haijafikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Ukigawa wimbo wa wastani vipande viwili unaweza kukosa vyote.

Hapa nyumbani tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoleta COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mengi yamesemwa juu ya ofisi hiyo na sitayarudia. Ninachokiona kila wiki kinaanza kabla ya ofisi yoyote: msanii anafika bila kujua nani mwingine alishiriki kutunga wimbo wake. Anamtaja prodyuza, anakwama.

Majuzi nilikuwa Sinza, studio ya chumba kimoja, feni imezimwa ili isiingie kwenye maiki. Wimbo ulikuwa umekwisha na ulishaanza kuzunguka TikTok kabla haujatoka rasmi, kwa hiyo mwimbaji alikuwa na haraka. Nikatoa karatasi ya mgawanyo.

"Kaka, hii si tutaelewana tu?" akaniuliza.

"Mnaelewana sasa hivi, kabla haujaingiza hata mia. Ukishaingiza mtaelewana mahakamani."

Prodyuza akacheka, akasema yeye nusu ya utunzi, muziki wote wake. Mwimbaji akasema maneno yote yake, kwa hiyo nusu nyingine yake. Mpiga gitaa alikuwa ameshalipwa chake cha siku hiyo, tukamwandika kama mwanamuziki aliyeshiriki na akaridhika. Ikawa kama tumemaliza. Nikauliza, kwa mazoea tu, kiitikio nani alikileta.

Wakatazamana. Kiitikio kilikuwa cha dogo aliyekuwa mlangoni ameshika mfuko wa chipsi. Alikuwa akikiimba wiki mbili nzima wakati akifagia, mwimbaji akakidaka. Dogo mwenyewe alisema si kitu, alikuwa anajiimbia tu. Mwimbaji akasema atampa kitu kidogo. Nikawawekea tena ile video ya TikTok, ambayo yote, mwanzo mpaka mwisho, ilikuwa kiitikio.

Tulibishana mpaka chipsi zikapoa. Prodyuza ndiye aliyelegea kwanza, nadhani kwa sababu naye alianza hivyohivyo, kwa kufagia studio ya mtu. Tukaandika mwimbaji 40, prodyuza 35, dogo 25. Dogo akaandika majina yake matatu polepole. Akaunti ya benki hana, kitambulisho cha taifa cha NIDA ndiyo kwanza anafuatilia, tukaweka namba ya simu na jina la mama yake kama mtu wa kumpata. Nikamweleza asitegemee kitu karibuni, hela za mtandaoni huchukua miezi kabla ya kuonekana. Akaniuliza kama miezi hiyo anaruhusiwa kuimba kiitikio kingine. Nikamwambia aimbe, ila airekodi kwenye simu kila anapoimba.

Nilikuwa nakunja karatasi prodyuza akanishika mkono. Akafungua diski yake ya nje kwenye kioo, mafaili ya miaka yote aliyofanya kazi pale, mengine yana majina ya wasanii ambao leo wanapita na walinzi.

"Na hizi je?"

Nikavuta kiti. Tukaanza na herufi A.